Jina la Mchezo Namba Moja

Siku ile Tokie Nanjo aliunguza kola ya shati la mteja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea katika miaka kumi na tisa ya kupiga pasi kwenye duka la dobi pale Sakai, karibu na Osaka. Wala hakujuta. Shati lilikuwa la mwalimu mkuu, jeupe pe, na lilikuwa linatoa moshi, lakini yeye alikuwa ameshika kitabu kwa mikono miwili, anausoma mstari mmoja kwa mara ya nne.

Aliyeuleta mkosi huo ni mumewe, Yasuhei. Yasuhei ni dereva wa tramu, na siku za zamu ya alfajiri hupita dukani mchana kula matonge ya wali pamoja na mkewe. Siku hiyo aliingia amekumbatia kitabu kipya, uso mzima meno.

"Mama Nao, zima pasi! Kuanzia leo wewe ni mtu mkubwa!"

"Nani kafa?"

"Mbona unapenda misiba? Hakuna aliyekufa. Tazama jalada. Gemu zote thelathini na moja za Minamo, zimepangwa kuanzia bora kabisa mpaka takataka. Haya, fungua uone namba moja ni ipi."

Akafungua. Namba moja ilikuwa Posta ya Mteremkoni, na picha yake ilijaza ukurasa: mji wa vilima, mvua, mwanamke wa posta mwenye koti la njano. Tokie aliusogeza ukurasa karibu na macho. Gemu ile aliiandika yeye, kwa vidole hivi hivi ambavyo sasa vimejaa makovu ya mvuke. Kisha akaona mstari wa chini ya picha. Mtengenezaji: Shigeo Katsurada, aliyetumia jina la Konyaku.

Yasuhei alisoma juu ya bega lake, na meno yakajificha. "Katsurada si yule bosi wako? Kwani Konyaku si wewe?"

"Konyaku ni mimi! Huyo mzee hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu! Alikuwa hajui kuwasha kompyuta yake mwenyewe, mpaka aitiwe mtu!"

"Mama Nao, shati."

"Liungue!"

Likaungua.

Minamo ilikuwa mashine ya michezo iliyotengenezwa na kiwanda cha mashine za kufulia, na damu ya ukoo ilionekana. Pedi yake ya kuchezea ilikuwa na kirungu kimoja kikubwa cha kuzungusha, kama kile cha kuchagulia maji ya moto au ya baridi. Iliingia madukani wakati maua ya mcheri yanachanua, watu wakaicheka, na baada ya miezi kumi na tisa ikaondolewa. Waliotengeneza michezo yake walizikwa nayo. Wengine walienda kuuza bima, wengine walirudi kwa wazazi wao kulima vitunguu, na Tokie, aliyekuwa na miaka thelathini na moja na mimba ya miezi minne, alienda nyumbani akaambiwa apumzike. Alipumzika mpaka ufundi wake ukapitwa na wakati.

Wakati ule hakuna kampuni ya gemu iliyotaka wafanyakazi wake waandikwe kwa majina yao halisi. Mabosi waliogopa wenzao wataona nani hodari na kumnyakua. Kwa hiyo mchezo ukiisha, majina yaliyopita kwenye skrini yalikuwa ya kupachikwa tu. Kwenye kampuni ya Hamaguri, ofisi ya watu kumi na mmoja juu ya duka la magodoro, walijiita vyakula vya kwenye sufuria ya oden, ule mchemsho wa vipande mchanganyiko. Mmoja alikuwa Figili, mwingine Yai, mwingine Pweza. Tokie wakamwita Konyaku, ile jeli ya kijivu ya kiazi inayoponyoka kwenye vijiti, kwa sababu akishakataa jambo hakuna aliyeweza kumshika.

Jina hilo likawa kaburi lake. Nao, binti yao, alipokuwa darasa la tatu aliwaambia wenzake kwamba mama yake ndiye Konyaku wa Posta ya Mteremkoni. Wakamtaka alete ushahidi. Angeutoa wapi? Alirudi nyumbani analia, na mwalimu akaandika kwenye daftari la kuwasiliana na wazazi kwamba mtoto apunguze kutia chumvi. Tokie alitia muhuri kwenye daftari lile kuonyesha amesoma. Mpaka leo akikumbuka muhuri ule anajisikia kupasua kitu.

Jioni hiyo alimpigia simu mwandishi wa kitabu, Bwana Ukita, na hata salamu hakumaliza.

"Umeandika uongo ukurasa wa nane!"

Ukita alikuwa mtu mpole, wa miaka thelathini na kitu. Alinunuliwa Minamo na babu yake ilipokuwa inauzwa kwa bei ya kutupa, na tangu hapo hakupona. Alimsikiliza Tokie mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Samahani sana, mama. Nilimuuliza Bwana Katsurada mara mbili. Alisema Konyaku ni yeye."

"Na ukamwamini!"

"Alikuwa bosi wa kampuni. Hakuna mwingine niliyempata. Hivi vitabu vya kwanza vimeshauzwa, lakini tunachapa tena. Ukurasa wa nane unaenda kiwandani Jumatatu saa tatu asubuhi. Chini ya kila gemu kuna nafasi ya jina moja, na Jumapili mchana nina mazungumzo na wasomaji pale Nipponbashi. Yeye atakuwepo. Njoo, mama. Kama ni wewe, sema mbele yake."

"Nitasema mpaka ajute kuzaliwa," Tokie akajibu.

Siku tatu hakulala vizuri. Alijipanga maneno akiwa bafuni, akiwa sokoni, akiwa anatia maji kwenye pasi. Yasuhei alijaribu kumpoza kwa kusoma kitabu kwa sauti. Namba mbili ilikuwa gemu ya kupika takoyaki, unazungusha kirungu na vidonge vya pweza vinageuka. Namba tatu ilikuwa ya kuendesha treni, na hiyo ilimuudhi dereva wa tramu kuliko chochote.

"Breki hizi ni uongo mtupu! Ukifunga breki hivi, abiria wote wanakuja kukukalia mapajani. Namba tatu kwa lipi?"

"Baba Nao, nyamaza."

"Nami nikapige simu?"

"Nyamaza, nasema!"

Jumapili ukumbi ulijaa, na ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha juu ya duka la nyaya, viti sitini, feni moja. Wengi walikuwa wanaume wenye mvi za kwanza, na baadhi walikuja na Minamo zao kwenye vitambaa kama wameleta watoto kliniki. Katsurada alikaa jukwaani karibu na Ukita. Alikuwa amefika miaka sabini na nne, amevaa skafu ya hariri ndani ya joto lile, na alikuwa anaeleza jinsi Posta ya Mteremkoni ilivyomjia akiwa anatazama mvua dirishani. Hana haya wala hajui vibaya. Watu waliandika kila neno.

Tokie hakusubiri wakati wa maswali. Alisimama katikati ya sentensi ya mzee.

"Nina swali kwa Bwana Katsurada."

"Karibu, mama, karibu," mzee akasema, anatabasamu. Hakumtambua.

"Kwenye mchezo wako mvua inanyesha mji mzima. Lakini ukifika kwenye daraja, inakatika. Ukivuka, inaanza tena. Kwa nini?"

"Ah! Swali zuri kweli." Katsurada aliegemea kiti. "Daraja, mama, ni mapito ya maisha. Nilitaka mchezaji aliyechoka apate mahali pa matumaini."

"Matumaini?"

"Matumaini."

"Kumbukumbu ya mashine ilijaa, wee mzee!" Sauti yake ilipasuka na feni ikawa kama imenyamaza. "Ilijaa! Nilibakiwa na nafasi ya matone arobaini, na chini ya daraja kulikuwa na mto unaotembea. Ningeweka mvua pale, mashine ingeganda. Nilikuja mezani kwako siku tatu mfululizo kukueleza, na wewe unakata kucha. Siku ya tatu ukaniambia, 'Weka paa, uniache.' Nikaweka paa! Matumaini gani? Ndiyo maana daraja lina paa!"

"Ni kweli lina paa," mtu mmoja akasema kwa nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

Katsurada alikunja macho. "Nanjo?"

"Umenisahau?"

"Mdomo huo nitausahauje? Umezeeka, lakini mdomo uko vilevile." Aligeukia watu, akainua mikono kama mwenye nyumba anayegawa mikeka. "Haya jamani, msinile mzima mzima. Konyaku tulikuwa sisi sote. Huyu kijana ndiye aliyenielewa vibaya."

"Nilikuuliza mara mbili, Bwana Katsurada," Ukita akasema taratibu. "Mara ya pili nilirekodi."

"Lo! Mzee kashikwa!" mtu akapiga kelele. "Mpeni maji!" Kutoka safu ya mwisho Yasuhei alikuwa anapiga makofi peke yake juu ya kichwa chake, kama yuko uwanja wa besiboli, mpaka wote wakamfuata. Ukita akamwita Tokie jukwaani, akampa kiti na kipaza sauti. Tokie alikaa. Ilikuwa tamu. Miaka ishirini na saba amebeba jiwe hili, na sasa amelitua juu ya mguu wa mzee mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mashahidi sitini.

"Jina ni moja chini ya kila gemu," Ukita akawatangazia watu, "na kesho asubuhi chini ya namba moja litakuwa la Bi Tokie Nanjo."

Makofi tena.

"Sasa naomba nisome kadi zenu, maana mwenyewe amepatikana." Ukita alifungua sanduku la kadi za posta. Wasomaji mia nne walikuwa wamemtumia kadi kueleza kwa nini waliichagua gemu hiyo. "Karibu wote mmetaja jambo moja, na naomba Bi Nanjo asinichukie. Si mvua. Ni barua."

Katika mchezo ule bahasha ikilowa inafunguka, na unaweza kusoma kilichomo. Zilikuwa barua mia mbili na kitu. Ukita hakupata nafasi ya kusoma hata kadi ya kwanza. Mwanamume mmoja aliyevaa koti la kazi, mfupi, shingo nene, alisimama bila kuitwa akaanza kukariri barua moja kwa moyo, macho yametazama dari.

"'Umesema hutakuja Mwaka Mpya kwa sababu ya kazi. Sawa. Keki zako za mochi nimezikata, nimezigawa kwa majirani, nimewaambia umezikataa. Mtaa mzima unakucheka. Njoo ujitetee.'" Akameza mate. "Barua ya nyumba namba kumi na nne. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, niko kwenye bweni la kiwanda huko Nagoya. Niliisoma, nikazima Minamo, nikapanda treni."

Watu walicheka, na wengine walikuwa wanapangusa macho.

"Bi Nanjo," Ukita akauliza, sauti imelainika, "na barua pia uliandika wewe?"

"Sasa nani mwingine?" Katsurada akadakia haraka. Alikuwa amepata njia ya kusuluhisha, na alimrushia Tokie zawadi hiyo huku anamkonyeza. "Konyaku aliandika kila kitu. Kila kitu! Mpigieni makofi jamani."

Wakapiga. Wakasimama kabisa. Na mgongo wa mtu aliyelelewa Osaka, makofi yakipigwa, haungoji ruhusa ya mwenyewe. Ulijikunja. Tokie aliinama mbele ya watu wale kwa adabu zote, mikono mapajani, na alipoinuka aliona Ukita ameshaandika kwenye daftari lake.

"Nimefarijika," Ukita akasema, "kwa sababu kuna mama mmoja wa Kishiwada aliniandikia mara mbili anadai barua hizo ni zake. Nikaichunguza orodha ya majina ya mwisho wa mchezo. Hii hapa." Akabonyeza kitu, na ukutani yakaonekana majina kumi na mawili meupe juu ya weusi. "Figili, Yai, Pweza, Konyaku, na wenzao. Watu kumi na mmoja. Bosi wao alinitajia kila mmoja, yule mama hayumo. Na huyu wa kumi na mbili, Goro, Bwana Katsurada amenieleza kwamba alikuwa mbwa wake!"

Ukumbi ulivunjika mbavu.

"Nikamjibu kwa adabu kwamba labda amechanganya na gemu nyingine. Moriwaki, nadhani ndilo jina."

"Moriwaki!" Katsurada alijipiga paja. "Yule wa chai! Kumbe yu hai? Alikuwa anatuletea chai na kupokea simu. Sasa naye ni mwandishi! Mbwa wangu ana haki zaidi!"

Watu wakacheka zaidi. Tokie alikuwa anaitazama orodha ukutani, na kicheko kile kikamwingia kama maji ya baridi masikioni.

Aliyetakiwa kuandika maneno ya mchezo alitoroka kazi wiki tatu kabla ya mwisho. Tokie alihitaji maandishi yoyote ya kujazia bahasha ili ajaribu programu yake, akamwita Sae Moriwaki, msichana wa miaka ishirini na mbili, akamwambia andika chochote, tutabadilisha baadaye. Ofisi zote za gemu zilifanya hivyo, unajaza kwanza, unabadilisha baadaye. Sae aliandika katikati ya simu na birika, nyuma ya karatasi za kuagizia chakula cha mchana, barua mia mbili na kumi. Hakuna aliyepata muda wa kubadilisha hata moja. Bosi hakuzisoma. Tokie alizisoma zote, kwa sababu alizichapa yeye, na alikuwa anacheka peke yake wakati anazichapa.

Orodha ya majina aliiandika yeye pia. Skrini ilibeba mistari kumi na miwili na watu walikuwa kumi na mmoja. Sae alikuwa amesimama nyuma yake na sinia. "Dada Nanjo, na mimi je?" akauliza, kwa sauti ndogo. Na Tokie, macho mekundu kwa uchovu, akasema, "Wewe si wa timu, Sae. Tukuite nani, Majani ya Chai?" Wanaume wakacheka. Akatiwa hamu na kicheko chao, kwa sababu siku hizo hawakumchekea mara nyingi, akaandika Goro.

Siku tatu nzima amekuwa akimtukana Katsurada kuwa mwizi. Na sasa hivi, dakika mbili zilizopita, ameinama.

"Acheni kucheka," akasema.

Hawakusikia. Akakisogeza kipaza sauti mdomoni mpaka kikalia.

"Nimesema acheni kucheka! Barua ni za Sae Moriwaki. Zote. Mochi, nyumba namba kumi na nne, zote. Mimi sijaandika hata moja, na huyu mzee hajasoma hata moja!"

Ukita alibaki na kalamu hewani. "Lakini mama, uliinama."

"Niliinama kwa sababu walipiga makofi! Mtu akipigiwa makofi afanye nini, apige chafya?"

"Na orodha? Mbona hayumo kwenye orodha?"

Hapo Tokie alitamani sana amwonyeshe Katsurada kidole. Kidole kilikuwa tayari. Ingekuwa rahisi, na kila mtu ukumbini angeamini. Mzee mwenyewe alikuwa ameshaanza kujitetea, anasema yeye hakuhusika na mambo ya orodha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anasema kweli.

"Orodha niliiandika mimi," Tokie akasema. "Alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliomba. Nikaandika mbwa."

Hakuna aliyempigia makofi. Yule mwanamume wa koti la kazi alimtazama kwa chuki isiyofichwa, akakaa. Tokie aliinuka, akamwambia Ukita ampe barua za yule mama, zile mbili, na kama zina namba ya simu atapiga sasa hivi. Ukita alizitoa kwenye sanduku lake, zimefungwa pamoja na kadi za watu waliotukana kitabu. Zilikuwa zimeandikwa kwa mkono, kurasa nne kila moja.

Alipigia ngazini, kati ya makatoni ya nyaya. Yasuhei alimfuata, akamtazama usoni, akashuka chini kumsubiri.

"Moriwaki hapa," sauti ikajibu. Nyuma yake palikuwa na televisheni na mtu anaosha vyombo.

"Sae. Ni mimi, Nanjo. Wa Hamaguri."

Televisheni ikazimwa.

"Konyaku," yule mwanamke akasema. "Nilidhani siku hizi Konyaku ni Katsurada."

"Nimetoka kumsuta sasa hivi. Mbele ya watu. Na nimewaambia barua ni zako, Sae. Wote wamesikia. Na mwandishi amesikia."

"Kakuamini?"

"Kaamini."

"Mara moja?"

"Mara moja."

"Mimi nilimwandikia mara mbili, Bi Nanjo. Kurasa nane. Nikamweleza mpaka rangi ya karatasi za kuagizia chakula. Akanijibu kwamba nimechanganyikiwa. Wewe umefungua mdomo mara moja, kaamini. Kwa hiyo nifurahi? Nishangilie? Nikuletee chai?"

Zamani alimwita dada. Tokie aliegemea makatoni.

"Naomba unisamehe."

"Kwa lipi hasa? Taja."

"Kwa kukusahau."

"Hukunisahau! Usinipake mafuta. Mtu aliyesahau anaacha mstari mtupu. Wewe ulinigeukia, ukanitazama machoni, ukaandika mbwa. Na nikawapelekea chai baada ya hapo, vikombe kumi na moja, na wewe ukasema asante bila kugeuka. Nilikaa Hamaguri miezi mitatu zaidi, kila siku namlisha yule mbwa."

"Jina ni moja tu kwenye ukurasa, Sae. Nimeamua liwe lako. Langu nitamwambia aliondoe."

"Umeamua! Sikia, usijifanye mtakatifu kwenye simu yangu. Mvua ile uliifanya wewe, nilikuona unatapika kwenye ndoo kwa uchovu, na bila mvua hakuna bahasha ingefunguka. Hiyo ni kazi yako, sikunyang'anyi. Lakini na lile jingine ulilifanya wewe. Yote mawili ni yako. Unataka nikubebee moja, ubaki na moja zuri? Au uyatupe yote upate usingizi?"

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Mimi nimeshaandika kurasa nane. Andika na wewe kitu."

Simu ikakatwa. Tokie alibaki anaitazama, mashavu yanawaka, na hasira aliyokuja nayo tangu Sakai ilikuwa palepale kifuani, haikupungua hata kidogo. Ilikuwa imebadilisha anwani tu. Alipanda ngazi kwa kishindo, akapita katikati ya watu waliokuwa wanaondoka, akamkuta Ukita anafunga nyaya zake.

"Chini ya namba moja weka Sae Moriwaki."

"Nimeelewa, mama. Na wewe? Naweza kukutaja kwenye dibaji, kwenye shukrani..."

"Sitaki shukrani. Ile picha ya mji na koti la njano, iondoe. Weka hii." Akaonyesha ukuta, ambako majina kumi na mawili bado yalikuwa yanamulika. "Chini ya picha una nafasi kiasi gani?"

"Mstari mmoja. Labda mmoja na nusu."

"Andika: Orodha hii iliandikwa na Tokie Nanjo. Jina langu kamili, si la chakula."

Ukita alisita. "Wasomaji watakuuliza. Binti yako pia atasoma."

"Asome! Andika."

Akaandika. Tokie alisimama juu ya bega lake, akahakikisha kila herufi, na alipoona kijana anataka kufunga kompyuta akaishika kwa mkono.

"Bado. Una nusu mstari. Waeleze kwamba Goro alikuwa mbwa."